Kutoka Singidani hadi Bennu: Vijidudu vya Chumvi na Swali la Uhai Nje ya Dunia

Utangulizi



Anayeishi Singida mjini haendi mbali kuiona chumvi. Huku kuna Ziwa Singidani, kule kuna Ziwa Kindai. Maziwa haya hayana mto unaotoka: mvua huingiza maji pamoja na madini ya miamba, jua hunyonya maji, madini hubaki. Kiangazi, maji yanaporudi nyuma, tope la ufukweni huacha ganda jeupe linalovunjika chini ya kiatu. Mpita njia hudhani hapo hapaoti wala hapaishi kitu. Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo tuanzie kumfundisha mwanafunzi wetu swali hili: je, kuna uhai kwingine nje ya Dunia?

1. Chumvi na wanaoimudu

Kila mwalimu wa Biolojia hapa amewahi kutumbukiza vipande vya kiazi mviringo kwenye maji ya chumvi. Baada ya muda kipande hulegea, kwa kuwa maji yametoka ndani ya seli kuifuata chumvi. Kwa njia hiyo hiyo chumvi huhifadhi samaki: huwanyima maji bakteria waozeshao.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Lakini wapo vijidudu wa kundi la arkea, kama Halobacterium, wanaostawi penye gramu zaidi ya 200. Hawaizuii chumvi kwa ukuta. Hujaza potasiamu ndani ya seli mpaka ndani na nje palingane, na protini zao zimeumbwa kufanya kazi katika hali hiyo. Ukiwatia kwenye maji baridi, hupasuka. Maji tunayokunywa sisi ndiyo yanayowaua wao.

Jirani zetu wa Kenya wanao mfano maarufu. Mwaka 1984 watafiti Tindall, Ross na Grant walitangaza jenasi mbili mpya za arkea, Natronobacterium na Natronococcus, wapendao chumvi na magadi kwa pamoja. Spishi mmojawapo, kutoka Ziwa Magadi, alipewa jina magadii. Na heroe wadogo, wale flamingo tunaowaona Singidani, katika maziwa ya chumvi na magadi hula zaidi spirulina, ambayo wengi huiita mwani ingawa ni bakteria. Wekundu wa manyoya yao hutokana na chakula hicho.

2. Magadi ya angani

Mama zetu hutia magadi kidogo kwenye mlenda na maharage. Magadi hayo, kwa jina la madini, ni trona, na hutokea maji yenye kaboneti ya sodiamu yanapokauka. Mnamo Septemba 2023 chombo cha NASA kilileta duniani udongo wa asteroidi Bennu. Januari 2025 wanasayansi walitangaza kuwa ndani yake mna chumvi kadhaa, trona ikiwemo. Maana yake ni kwamba mwamba mama wa Bennu uliwahi kuwa na maji, yakakauka kama yanavyokauka kwetu. Mawe yenye kaboni ya jamii hiyo si mageni Tanzania: kimondo kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938, na herufi I katika jina la kundi la vimondo la CI ni ya Ivuna.

Kwingineko, Mirihi ina mabaki ya chumvi mahali ambapo zamani maji yalituama. Enceladus, mwezi wa Zohali, hurusha chembe za barafu zenye chumvi za sodiamu kutoka bahari iliyofichika chini ya ganda lake.

3. Tahadhari

Chumvi ni ushahidi wa maji. Si ushahidi wa uhai. Huko Dallol, Ethiopia, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 haukupata uhai katika madimbwi yenye tindikali kali na magnesiamu nyingi kupita kiasi, ingawa maji yapo. Tumfundishe mwanafunzi kuuliza mambo matatu: kuna maji ambayo seli inaweza kuyatumia? Kuna nishati? Hali hiyo ilidumu vya kutosha uhai kuanza?

Hitimisho na mapendekezo

Napendekeza kila shule iliyo karibu na ziwa ichote maji mara moja wakati wa masika na mara moja wakati wa kiangazi. Chupa ziandikwe tarehe. Lita moja ivukizwe juani, chumvi ipimwe kwa mizani. Tone moja liwekwe chini ya hadubini, na kila kinachoonekana kichorwe. Madaftari yatunzwe mwaka hadi mwaka. Mtoto aliyeona kwa macho yake kiumbe kikijongea ndani ya tone la Singidani ataelewa kwa nini watu hutuma vyombo mbali kutafuta chumvi.