Picha ya kilima, na watu ndani yake



Mwaka 1861 Carleton Watkins alipiga picha za bonde la Yosemite, Marekani. Picha zilifika mikononi mwa wakubwa, na mwaka 1864 Rais Lincoln akatia sahihi sheria ya kulilinda. Yeye mwenyewe hakufika kule kamwe.

Lakini mimi niliyesoma sheria ninauliza: wenyeji walikuwa wapi? Waahwahneechee walifukuzwa na askari mwaka 1851. Katika picha zile, bonde ni kama halina mwenyewe.

Sasa tuje kwetu. Parke ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925. Mwaka 1994 iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Waliokimbia vita walikata miti, maana maharagwe hayaivi bila kuni.

Ninyi vijana wenye telefone, pigeni picha ya kilima kilichobaki uchi, kila mwaka mkisimama palepale. Kambi isitolewe katika picha, wala mama mwenye mzigo wa kuni. Ila mumwombe ruhusa kwanza. Nanyi wakubwa, siku ya kugawa mahali pa kupanda miti, wekeni picha hizo mezani, na mama yule apewe kiti.