Mtu, Mwanamke na Kiambishi: Fasihi ya Renesansi Katika Kiswahili



1.0 Utangulizi

Katika mhadhara huu ninakusudia kuijadili dhana ya mwanamke katika fasihi ya Renesansi, yaani ule mwamko wa elimu na sanaa ulioenea Ulaya kati ya karne ya 14 na ya 17, na yanayoipata dhana hiyo inapoingia katika Kiswahili. Hoja yangu ni kwamba sarufi yetu humpa mwanamke huyo nafasi ambayo lugha za Ulaya zilimnyima. Jambo hili lapendeza, lakini laweza kumpotosha msomaji.

2.0 Mwanamke katika Maandishi ya Renesansi

Mwaka 1486 Pico della Mirandola aliandika hotuba yake mashuhuri juu ya hadhi ya mtu. Kilatini kilitenga *homo*, mtu, na *vir*, mwanamume. Katika Kiitaliano neno *uomo* lilibeba maana zote mbili. Hata hivyo, katika hotuba hiyo ya Kilatini, anayesemezwa na Mungu ni Adamu. Tena neno *virtus*, linalotaja sifa njema, limetokana na *vir*. Kwa mwanamume sifa hiyo ilikuwa uwezo na ushujaa. Kwa mwanamke, aghalabu ilikuwa usafi wa mwili. Juan Luis Vives, katika kitabu chake juu ya malezi ya mwanamke Mkristo kilichochapwa mwaka 1524, alikubali mwanamke asome, ila alimtaka awe msafi, mnyamavu na mtii.

Katika kitabu cha Castiglione cha mwaka 1528, wanawake ndio wanaosimamia baraza, lakini wanaobishana juu ya thamani ya mwanamke ni wanaume. Wanawake walijibu kwa kalamu zao. Mwaka 1600 kilichapwa kitabu cha Moderata Fonte, aliyekwisha kufariki mwaka 1592, ambamo wanawake saba wanazungumza katika bustani ya Venice pasipo mwanamume. Mwaka huohuo Lucrezia Marinella alimjibu hadharani Giuseppe Passi, aliyekuwa ameorodhesha kasoro za wanawake.

3.0 Portia na Kiambishi *a-*

Mwalimu Julius Nyerere alitupatia *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Katika tamthilia hii ya Shakespeare, Portia amefungwa na wosia wa babake: ataolewa na yule atakayechagua kasha sahihi kati ya la dhahabu, la fedha na la risasi. Baadaye anavaa nguo za kiume na kuwashinda wote kwa ujuzi wa sheria. Katika majukwaa ya London ya wakati ule, mhusika wa kike aliigizwa na mvulana.

Barua ya Bellario inayomtambulisha mahakamani humtaja kwa kiwakilishi cha kiume. Kiingereza hakina budi kuchagua jinsi, na kila kiwakilishi huurudia uongo. Kwetu, *a-* ya "amesoma" haisemi jinsi. Uongo hubaki katika mavazi, jina na istilahi za heshima kama "bwana".

Hapa ndipo penye hatari. Msomaji wa Kiswahili husikia mtu mwenye hekima akisifiwa, asitambue kwamba mahakama ile isingempa mwanamke nafasi ya kunena. Wala tusijidanganye kwamba sarufi isiyobagua ni dalili ya jamii isiyobagua. Kiambishi *a-* hakijamwondolea mwanamke wa pwani wala wa bara mzigo wake.

4.0 Hitimisho

Napendekeza, basi, kwamba mfasiri aliposome neno linalomaanisha mwanamume tu, aandike "mwanamume", na pale sarufi yetu inapoifuta jinsi, dibaji ieleze. Anayeandika "mtu" mahali pasipokusudiwa watu wote amemsitiri mwandishi, lakini amemnyima mwanafunzi historia. Fonte na Marinella waliandika kwa sababu neno hilo halikuwatosha. Tukilitanua kimyakimya, hatutaelewa walikuwa wakidai nini.