ULEVI WA MGENI KATIKA NCHI YA WATU: Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya ulevi, kwa kuwa mbele ya mkutano huu liko pendekezo la kanuni mpya, kwamba mwanachama atakayeonekana amelewa hadharani mara tatu afutwe katika daftari, na jamaa yake wasipate msaada wa mazishi. Kabla hamjainua mikono, naomba mnivumilie niwaeleze jambo lililofanywa mbali sana na hapa, katika nchi ya Marekani, kwa ajili ya watu ambao maisha yao hayako mbali na yetu kama ramani inavyoonyesha.

Huko Marekani wako watu wengi ambao asili yao ni Mexico, nchi za Amerika ya Kati na ya Kusini, na visiwa kama Cuba na Puerto Rico. Huitwa Walatino. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta zaidi ya milioni 62. Wengi wamezaliwa huko huko, lakini mamilioni ni wahamiaji waliofuata kazi: huezeka mapaa, huosha vyombo hotelini, huvuna matunda, huchinja kuku na ng'ombe katika viwanda. Zamani Serikali ya Marekani yenyewe iliwaita. Tangu mwaka 1942 hata 1964 ulikuwapo mpango ulioitwa Bracero, ambao chini yake iliandikwa mikataba zaidi ya milioni 4 ya wanaume wa Mexico kwenda mashambani, nao wake na watoto wakabaki nyumbani. Mzee yeyote aliyepata kuishi mjini wanaume wanne chumba kimoja, mkewe akiwa nyumbani, hahitaji kuelezwa na karani jinsi Jumamosi ya mshahara inavyopita mahali kama hapo.

Mtu asidhani kwamba watu hawa ni walevi kwa asili. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba wahamiaji, na hasa wanawake, kwa kawaida hunywa kidogo kuliko wale waliozaliwa Marekani. Mama aliyetoka kijijini Mexico pengine haonji kabisa, na binti yake aliyesoma Marekani hunywa. Shida kubwa iko kwa wanaume. Wengi wao hawanywi kila siku, bali siku wakinywa hunywa mpaka mwisho. Madaktari wa huko husema kwamba mwanamume akinywa chupa 5 za bia au zaidi katika kikao kimoja, chupa ya mililita 355, au mwanamke akinywa 4, amepita kiasi.

Sasa, watu hao walisaidiwaje? Njia ya kwanza ni ile tuijuayo sote: kumkemea mlevi, kumwaibisha na kumtisha. Mwaka 1983 mtaalamu mmoja wa mambo ya nafsi, William R. Miller, aliandika juu ya njia nyingine, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakaitolea kitabu. Walieleza kwamba mlevi ana nia mbili ndani yake, moja ya kunywa na moja ya kuacha. Ukimshambulia, ataitetea ile ya kunywa. Basi mshauri huuliza kuliko kusema. Kwa mfano humwuliza, "Tangu 0 mpaka 10, kuacha pombe ni jambo kubwa kadiri gani kwako?" Mtu akijibu 4, mshauri hamwulizi kwa nini si 10. Humwuliza, "Kwa nini 4, wala si 1?" Hapo mlevi mwenyewe huanza kutaja sababu za kuacha, na maneno yatokayo kinywani mwake humshika kuliko yetu. Naona kuna hekima nyingi katika swali hilo dogo.

Lakini njia hii ilitungwa na watu wenye desturi zao, na kuigeuza tu kwa lugha ya Kihispania hakukutosha. Mtaalamu Christina Lee na wenzake, katika sehemu za kaskazini-mashariki ya Marekani, walikwenda kwanza kuwauliza Walatino wenyewe. Kisha wakayatengeneza mazungumzo upya. Mshauri haanzi na chupa, huanza na safari. Ulitoka wapi? Ulimwacha nani? Kwenu watu hunywa lini, na nani huwazuia? Hapa unakunywaje, na nani yuko karibu wa kukuzuia? Umepata kudharauliwa kazini au njiani kwa ajili ya lugha yako au sura yako, na siku hiyo ulikunywa? Mtu huyu kwao alikuwa na baba, na wajomba, na wazee wa kanisa. Alipovuka mpaka aliwaacha wote, lakini hakuiacha haja yao. Na aibu aipatayo mikononi mwa wageni hana mahali pa kuipeleka ila baa.

Yapo na mambo madogo ambayo hayakosi uzito. Katika desturi za Walatino, heshima ya mkubwa na upendo wa jamaa huja mbele ya mambo mengine, na mtu hafungui moyo kwa mgeni asiyemsalimu vizuri na kumwuliza hali ya watoto. Tena Wakatoliki wengi wa Mexico wana desturi ya kuapa mbele ya Bikira Maria wa Guadalupe kwamba hawataonja pombe kwa muda fulani, pengine miezi sita, pengine mwaka. Mshauri asiyejua hucheka. Ajuaye humwuliza mtu kama amepata kuapa, na siku zile za kiapo zilikuwaje. Wasio na hati za kukaa nchini huogopa hata kutaja majina yao hospitalini, na kwa hiyo siri isipolindwa hakuna atakayekuja.

Je, kulikuwa na faida? Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, watu 296 waliokunywa sana waligawanywa mafungu mawili, moja likapata mazungumzo ya kawaida na moja yale yaliyotengenezwa upya. Sitatia chumvi: mafungu yote mawili yalipunguza pombe. Lakini faida ya ziada ya mazungumzo yale mapya ilionekana kwa wale ambao hawajazoea desturi za Kimarekani, na kwa wale waliobaguliwa zaidi. Yaani aliye mgeni kuliko wote ndiye aliyesaidiwa zaidi na mtu aliyejua alikotoka.

Nao Walatino si kabila moja. Mtu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani kwa sheria ya mwaka 1917. Yuko mtu wa Guatemala ambaye lugha ya mamake ni ya Kimaya na Kihispania alijifunza baadaye. Kuwatia wote katika chungu kimoja ni kosa, kama sisi tunavyochukia kutiwa.

Asije mtu akasema hayo ni ya Amerika. Huku kwetu, Eldoret, mashauri juu ya pombe kwa wagonjwa wa virusi vya UKIMWI yalitengenezwa kufuata desturi zetu, yakatolewa kwa Kiswahili na watu wasio madaktari waliofundishwa kazi hiyo, wanaume kikao chao na wanawake chao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, wa wagonjwa 614, ulionyesha kwamba walipunguza pombe kuliko wenzao waliopewa masomo ya afya tu.

Neno moja la tahadhari. Mtu anayetetemeka asubuhi asipokunywa asilazimishwe kuacha ghafula nyumbani, maana aweza kupatwa na kifafa na kufa. Huyo ni wa hospitali kwanza.

Bwana Mwenyekiti, kanuni iliyo mbele yetu itamfuta mlevi, na pamoja naye mjane na watoto wake ambao hawakunywa. Tukimfuta, tumemwondolea wazee aliobaki nao mjini. Kwa hiyo naomba kanuni hii iwekwe kando mpaka mkutano wa mwaka ujao, na mahali pake wachaguliwe wazee wawili na mama mmoja, watu wa kusikiliza na kutunza siri, wapelekwe wakafundishwe kazi hii. Mtunza Hazina ameniambia kwamba nauli na chakula chao vyaweza kutoka katika fungu la faini za mwaka huu, ambazo nyingi, kama mjuavyo, zilitozwa kwa ulevi. Majina ya wanaopendekezwa yaletwe ofisini kwa barua kabla ya mwisho wa mwezi.