Tuulize kwanza, ndipo tuuze ng'ombe
Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa vikundi, Butula



Leo tuzungumze juu ya watoto wenye kipaji cha muziki. Katika vikundi vyetu wako: huyu anapiga kinanda kanisani, yule anashika litungu, mwingine anaongoza kwaya. Wakimaliza fomu foo wanatuambia, "Nataka kusomea muziki." Sisi tunauliza karo tu. Hapo ndipo tunakosea.

Tuseme ukweli. Kijana wetu mmoja alitaka kuwa mwalimu wa muziki. Tulifanya harambee, baba yake akauza ng'ombe wawili, tukampeleka chuo fulani mjini kwa sababu tuliona tangazo zuri. Kumbe pale walifundisha kurekodi nyimbo peke yake. Baada ya mihula miwili alirudi nyumbani. Hakuwa mvivu, sisi ndio hatukuuliza. Na ng'ombe hawakurudi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mtoto anataka kufanya nini na muziki?

Akitaka kufundisha sekondari, atafute chuo kikuu chenye muziki pamoja na ualimu, kama Kenyatta. Lazima masomo yake yakubaliwe na TSC, la sivyo hawezi kusajiliwa.

Akipenda muziki wa chuo kikuu karibu na nyumbani, aulize Maseno. Iko kwenye barabara yetu ya kwenda Kisumu.

Akitaka kushika ala moja vizuri, piano au fidla, Kenya Conservatoire of Music ya Nairobi inafundisha tangu 1944.

Akipenda ngoma na sanaa za asili, kuna Bagamoyo, Tanzania. Chuo kile kilianza 1981, na siku hizi kinaitwa TaSUBa. Anayependa taarab, udi na kanuni, aangalie Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, iliyoanza 2002.

Swali la pili: yuko tayari? Wengi wetu kwenye kwaya tunajua do-re-mi tu. Mtoto aanze mapema kujifunza noti za mistari mitano, asingoje mpaka siku ya kuitwa chuoni.

Swali la tatu: tumekwenda kuona? Nauli ya siku moja ni kidogo kuliko karo ya muhula. Mkifika pale muulize: piano ziko ngapi, na wanafunzi wangapi wanagawana moja? Waliomaliza wanafanya kazi wapi? Chakula na kulala ni pesa ngapi juu ya karo?

Ndugu zetu, mtoto ni wa mzazi wake, lakini harambee ni yetu sote. Kuuliza si ujinga.

Ya kuzungumza kikundini:
1. Ni nani kwetu ana kipaji cha muziki, na anataka kufanya nini nacho?
2. Ni nani atakwenda kukiona chuo kabla hatujachanga?