Harufu ya Nyumba ya Bethania

Masomo: Yohana 11:38–44, Yohana 12:1–3

Kama umeketi karibu na redio yako na kikombe cha chai mkononi, endelea kunywa. Lakini nakuomba radhi mapema, kwa maana jambo nitakalolisema asubuhi hii watu hawalisemi mezani. Nataka tuzungumze juu ya harufu. Sisemi harufu ya maua wala ya ubani, bali ile harufu ya uzee ambayo watu wengi wanaijua nyumbani mwao na hakuna anayeitaja kwa sauti.

Nitaanza kwa kuungama. Hapa Tassia, katika ghorofa ya nne, aliishi mama mmoja mzee. Jina lake silitaji. Amekwisha kulala katika Bwana, na jamaa yake wameniruhusu kusimulia. Mwanawe alimleta kutoka mashambani miguu ilipoanza kumsumbua. Mwanzoni alikuja ibadani kila Jumapili, mkono mmoja ameshika mkongojo na mwingine bega la mjukuu. Kisha hakuonekana tena. Basi nikachukua mkate na divai, nikamfuata nyumbani. Nilipofika kwenye mlango wa chumba chake, harufu ilinilaki kabla yeye hajanisalimu. Nikasimama pale pale mlangoni. Nilisoma sala upesi upesi, nikaunyosha mkono wangu mpaka mwisho ili nimfikishie mkate bila kuvuka kizingiti, nikatoa baraka, nikaondoka.

Nilipokuwa nikishuka ngazi moyo wangu ulinishitaki. Nilikuwa nimempa Mwili wa Kristo, lakini mwili wangu mwenyewe nilikuwa nimeuweka mbali naye.

Usiku ule nilikumbuka nyumba ya Bethania, nyumba ya Martha, Mariamu na Lazaro. Mwinjili Yohana anatuambia mambo mawili juu ya nyumba ile, nayo yako karibu karibu katika kitabu chake. Katika sura ya 11, Lazaro yuko kaburini siku 4, na Bwana Yesu anaagiza jiwe liondolewe. Martha, mwanamke mwenye kuendesha nyumba, ndiye anayesema waziwazi kwamba kuna harufu. Katika sura ya 12, nyumba imejaa harufu ya marhamu ya nardo ambayo Mariamu amempaka Bwana miguuni. Jamaa ni ile ile. Walioijua harufu ya kaburi ndio walioijua harufu ya marhamu.

Angalia jinsi Bwana alivyomjibu Martha. Hakumwambia kwamba hakuna harufu, wala hakumwambia anyamaze kwa kuwa ni aibu. Alimkumbusha juu ya imani, na jiwe likaondolewa. Tena angalia ni kina nani walioliondoa. Yesu, mwenye uwezo wa kumwita maiti akatoka, hakulisogeza jiwe lile kwa neno lake. Aliwaachia watu. Na Lazaro alipotoka amefungwa sanda, Bwana hakuzifungua mwenyewe. Hizo nazo aliwaachia watu. Kufufua ni kazi ya Mungu. Jiwe na vitambaa ni kazi yetu, nasi hatuwezi kuifanya tukiwa tumesimama mbali.

Kesho yake nikarudi katika nyumba ile pamoja na mama mmoja wa kanisa aliyestaafu kazi ya uuguzi. Mimi nilibaki sebuleni na mwenye nyumba. Yule mama aliingia chumbani, akafunga mlango, akaketi kitandani karibu na mgonjwa. Alikaa muda wa saa nzima. Alipotoka alituambia, kwa idhini ya mama mzee, mambo ambayo wenye nyumba hawakuyajua.

Choo cha jengo lile kilikuwa cha pamoja, mwisho wa ukumbi, na usiku taa yake haikuwaka. Mama aliogopa kuanguka. Basi tangu adhuhuri hakunywa maji, ili asihitaji kutoka usiku. Hata hivyo kibofu hakikuweza kushika tena kama zamani. Akalowa. Na kwa sababu aliwaona wajukuu wakipandisha maji ghorofa nne kwa mitungi ya lita 20, hakutaka kuwaongezea kazi ya kufua. Leso zilizolowa alizikunja, akazificha chini ya godoro. Tena alikuwa na neno jingine. Jumapili ya mwisho alipokuja kanisani, jirani yake kwenye benchi aliinuka akahamia benchi jingine. Mama hakumlaumu. Aliacha tu kuja.

Ndugu zangu, nani basi aliyelivingirisha jiwe mlangoni pa mama huyu? Tulilivingirisha sisi, na mchungaji alikuwa mmoja wetu.

Hebu sasa tuseme kweli juu ya harufu hii, maana uongo mwingi umeizunguka. Wengine husema ni uchafu. Wengine husema ni laana, au ni kifo kinachobisha hodi. Si hivyo. Mwaka 2001 wataalamu wa Japani walieleza kwamba mtu akipita umri wa miaka 40 hivi, mafuta ya ngozi yake huanza kubadilika yanapokutana na hewa, yakatoa harufu ya namna yake. Kwa hiyo mimi ninayesema nawe, nikiwa katika miaka yangu ya arobaini, nimekwisha kuingia katika orodha. Mwaka 2012 watafiti wa Philadelphia, huko Marekani, waliwapa watu fulana za kulalia zenye vitambaa kwapani, kwa siku 5. Kisha waliwapa wengine wanuse vitambaa hivyo bila kuambiwa ni vya nani. Harufu ya wazee wa miaka 75 hadi 95 ilihesabiwa kuwa hafifu zaidi, na isiyochukiza sana, kuliko ya vijana na kuliko ya watu wa makamo. Mzee aliyeoga ananuka uzee wake tu, nao haumdhuru mtu.

Ile harufu nzito inayotusimamisha mlangoni huwa na sababu nyingine, na mara nyingi sababu hiyo ina dawa. Asiyekunywa maji ya kutosha, mkojo wake huwa mzito na mkali. Harufu ikibadilika ghafula, pamoja na homa au kuchanganyikiwa, huenda ni ugonjwa wa njia ya mkojo. Alalaye upande mmoja siku nyingi hupata vidonda mgongoni na nyongani; ageuzwe kila baada ya saa 2, na kidonda kioneshwe kwa daktari. Kinywa kinaweza kuwa na jino bovu. Pumzi yenye harufu tamu, kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, kwa mgonjwa wa kisukari ni hatari; usingoje kesho. Tena ujue kwamba uwezo wa kunusa hupungua katika uzee. Huenda mzazi wako hajui hata kidogo kile unachokinusa, nawe unamkasirikia ukidhani amekusudia.

Na mitaa yetu inaongeza yake. Tassia imejengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni. Lakini nyumba zetu hazikujengwa kwa kuwafikiria wazee. Maghorofa yamesimama bega kwa bega, hata jirani wa ng'ambo anaweza kukupa kiberiti kupitia dirishani. Jua haliingii chumbani. Maji hayaji kila siku, na ya mkokoteni ni ya kununua. Nguo hukauka polepole ukumbini. Kijijini, godoro lililolowa lingetolewa uani jua likiwaka, na jioni lingekuwa safi. Kwa hiyo tusimhukumu haraka mkaza mwana anayejitahidi katika chumba kisicho na dirisha.

Basi tufanyeje? Nimesema jiwe na vitambaa.

Jiwe ni ule ukimya. Liondoe kwa upole. Mama azungumze na mama, na baba azungumze na baba, mahali pa faragha, kwa heshima ya umri wake. Usimwambie ananuka. Mwulize: “Mama, usiku unakusumbua? Unafika chooni bila shida?” Mjukuu asiachiwe kulisema kwa kicheko mbele ya wageni. Najua pia kwamba katika desturi za wengi wetu mwana wa kiume hawezi kumwogesha mama yake. Sisemi uivunje heshima hiyo. Nasema usiitumie kama mlango wa kutorokea. Kama huwezi kumwogesha, unaweza kuchota maji, kununua sabuni, kufua shuka, na kumwomba mtu anayefaa. Na ninyi akina mama na wazee wa kanisa, hapo ndipo huduma yenu inapoanza.

Vitambaa ni kazi ya mikono. Katika nyumba ile walifanya hivi. Walimpeleka mama kliniki, ikaonekana ana ugonjwa wa mkojo, akatibiwa. Waliweka ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, na taa ndogo ya kuwasha usiku. Walimhimiza anywe maji mchana kutwa, wakampunguzia jioni tu. Walitandika karatasi ya nailoni chini ya shuka. Leso zilizolowa zilitiwa mara moja katika beseni la maji, wala hazikufichwa tena. Siku za jua, vijana wa kanisa walilipandisha godoro juu ya paa. Hapakuwa na jambo kubwa hata moja kati ya hayo. Yalihitaji tu mtu wa kuvuka kizingiti.

Mzee aliyetimiza miaka 70 na kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hupewa na Serikali shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hiyo ni yake. Sabuni yake na nepi zake zitangulie kabla ya mahitaji ya wengine. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Lakini Mkristo hangoji sheria imkumbushe. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Kila mmoja wetu alibebwa mgongoni akailowesha leso ya mama yake, si mara moja wala mbili. Mama alicheka, akabadilisha leso, akatubeba tena.

Nawe, mtunzaji uliyechoka, usiyelala usiku, nakuona. Kuichukia harufu si dhambi. Martha naye aliitaja, na Bwana alimpenda Martha. Ukihitaji kutoka nje upumue, toka upumue, halafu urudi. Na umwombe mtu akupokee zamu.

Nawe mzazi wangu, unayenisikiliza ukiwa umefunga mlango, hukumkosea mtu. Usijinyime maji kwa ajili ya kutuonea huruma. Mwambie mwanao, au umwite mchungaji. Usione aibu. Aibu ni yetu tusiouliza.

Sasa turudi Bethania tumalize. Katika sura ya 12, Lazaro yuko wapi? Yumo pamoja na walioketi chakulani. Martha anatumika, Mariamu amepasua ukimya wa nyumba kwa ratili ya marhamu ya thamani kubwa, na yule waliyekuwa wamemfungia nyuma ya jiwe ameketi mezani na Bwana. Ndilo neno langu la leo, wapenzi: usimwondoe mzee kwa sababu ya harufu, iondoe harufu, mzee abaki mezani.

Mama yetu alirudi kanisani. Harufu haikuisha kabisa, nami sitaki kukudanganya. Lakini aliketi benchi la pili, na kila upande aliketi mtu. Jioni mjukuu wake alimpaka mafuta miguuni, taratibu, kidole kwa kidole, na mimi nilipowakuta hivyo nilivuka kizingiti, nikaketi kitandani. Aliniambia, “Mchungaji, leo umefika.” Aliishi nasi mwaka mmoja na miezi kadhaa tena, akaitwa.

Baada ya mazishi nilimtembelea mwanawe. Chumba kilikuwa kimeoshwa, dirisha wazi. Nilidhani atasema amepumzika. Alikaa kimya, kisha akasema, “Natafuta harufu yake nyumba nzima, siipati.”

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyemlilia rafiki yako na hukugeuza uso wako, utusamehe sisi tuliosimama milangoni. Uwape nguvu mikono inayoosha, inayofua na inayogeuza wagonjwa usiku. Uwaondolee wazee wetu hofu na aibu. Na siku yetu nasi itakapofika, utupatie mtu wa kuvuka kizingiti. Kwa ajili ya jina lako. Amina.

Neema ya Bwana ikae nawe, ndugu msikilizaji, wewe na wote walio chini ya dari yako.