Matamshi ya Mtoto Hufunzwa Nyumbani kwa Upole

Mada kwa wazazi na walezi wa Kata ya Nkololo



Jioni mifugo inaporejea, mtoto humkimbilia baba yake na kusema, "Baba, ng'ombe wameludi!" Wakubwa wakacheka. Kesho yake mtoto huyo akiulizwa swali darasani, hunyamaza. Anayechekwa nyumbani huogopa kusema shuleni, na asiyethubutu kusema hujifunza kwa shida.

Kwanza, ieleweke kwamba Kisukuma hakina sauti za r, th na dh katika maneno yake ya asili. Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma huanza kwa kusema "ludi", "semanini" na "zahabu". Huo si ugonjwa, wala si sababu ya kukiacha Kisukuma nyumbani. Hata hivyo, masomo ya darasa la kwanza hutolewa kwa Kiswahili, na humo "kula" si "kura", wala "mahali" si "mahari". Mtoto akizoea kuisikia tofauti hiyo, kuiandika kutakuwa rahisi.

Pili, mazoezi hayahitaji gharama. Mzazi akae uso kwa uso na mtoto, mahali penye mwanga na utulivu, dakika chache kila siku. Wachague sauti moja tu: waanze na silabi ra, re, ri, ro, ru, kisha maneno, kama rudi na rangi, mwisho sentensi fupi. Wacheze pia mchezo wa kusikiliza: mzazi atamke "kula" au "kura", naye mtoto aoneshe kwa kidole picha ya sahani au ya sanduku la kura. Mtoto akisema "wameludi", asikemewe wala asilazimishwe kurudia. Aitikiwe tu: "Naam, wamerudi. Leo wamerudi mapema." Hivyo husikia neno sahihi bila kuaibishwa.

Tatu, zipo dalili zisizopaswa kusubiriwa: mtoto asiyegeuka aitwapo, anayetoka usaha masikioni, asiyetamka neno lolote afikapo mwaka mmoja na nusu, au aliyefikisha miaka minne na bado majirani hawamwelewi hata azungumzapo Kisukuma. Huyo apelekwe kwenye kituo cha huduma za afya kilicho karibu. Masikio yachunguzwe kwanza, kwa kuwa asiyesikia vema hawezi kuiga sauti vema. Ikibidi, apewe rufaa ya hospitali.

Kamwe mtoto asikatwe kimeo, wala asikatwe chini ya ulimi kwa wembe mitaani. Jeraha hilo laweza kuleta kutokwa damu nyingi, maambukizi na hata kifo, wala halimfundishi mtoto kutamka.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akisikilizwa kwa subira nyumbani, atanyoosha mkono darasani.