Msanifu wa Tovuti Naye Huishi kwa Jasho Lake



Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, akiwa mfanyakazi wa kituo cha utafiti cha CERN huko Geneva, alibuni mfumo wa kurasa zinazosomwa kwa njia ya intaneti. Mwaka 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba mfumo huo ni ruhusa kutumiwa na kila mtu pasipo ada. Tangu hapo wengi wamedhani kwamba, kwa kuwa mfumo ni wa bure, kazi ya kutengeneza tovuti nayo yapasa kuwa ya bure, au ya bei ya kutupa.

Dhana hiyo ni potofu. Mti wa msituni haukupandwa na mtu, lakini hakuna amwendeaye seremala kudai meza ya bure.

Katika miji ya Tanzania wapo vijana wasioajiriwa na ofisi yoyote, ambao huishi kwa kusanifu tovuti za shule, maduka na vyama vya ushirika. Mapatano yao na wateja mara nyingi ni ya mdomo. Mkuu wa shule huomba "tovuti nzuri". Kijana hutaja bei bila kupiga hesabu. Kazi ikikaribia kwisha, mteja hutaka rangi nyingine, kisha ukurasa wa matokeo ya mitihani, kisha wa picha za mahafali. Siku zaongezeka, fedha ni ile ile. Mwishowe kila mmoja humwona mwenzake kuwa mwizi.

Bei ya haki hupatikana kwa hesabu. Tuseme kijana anahitaji shilingi 800,000 kwa mwezi kutunza nyumba yake, 200,000 za umeme, intaneti na uchakavu wa kompyuta, na 200,000 za kodi na akiba. Jumla ni 1,200,000. Lakini siku zote za mwezi si za malipo: nyingine huenda katika kutafuta wateja na kujifunza. Akibakiwa na siku 12 za kazi yenye malipo, kila siku ina thamani ya shilingi 100,000. Tovuti ya siku 8 basi ni shilingi 800,000. Anayekubali kazi hiyo hiyo kwa 300,000, ama hakuhesabu, ama ataitupa njiani.

Ndugu wananchi, Sheria ya Mikataba haiyakatai mapatano ya mdomo, lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yatosha. Iandikwe idadi ya kurasa; nani ataleta maneno na picha, na kwa tarehe ipi; marekebisho yatafanywa mara ngapi, na yanayozidi yatalipiwa kiasi gani. Malipo yagawanywe: nusu kabla ya kazi kuanza, robo mteja anapoonyeshwa tovuti, robo ya mwisho siku ya makabidhiano. Mhasibu akikata kodi ya zuio, ampe kijana hati yake.

Haki hiyo ina upande wa pili. Jina la tovuti na nafasi yake katika seva hulipiwa ada kila muda wake unapokwisha. Wapo mafundi ambao husajili jina la shule kwa majina yao wenyewe na kuficha maneno ya siri. Fundi akihama au akigombana na mteja, shule hubaki haina jina wala tovuti. Kwa hiyo jina lenye kuishia na .sc.tz, ambalo ni la shule, lisajiliwe kwa jina la shule, na maneno yote ya siri yahifadhiwe ofisini. Utunzaji wa kila mwezi ulipiwe kwa mapatano yake ya pekee.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe. Mnyonyaji si lazima awe na kiwanda. Ofisi inayomfanyisha kijana kazi ya siku 20 kwa malipo ya siku 8 inanyonya. Na fundi anayeshikilia jina la shule ili alipwe asichostahili ananyonya vilevile.

Mtumishi wa umma na mwalimu, ambao kalamu na faili ndiyo kazi yao ya kila siku, hawana udhuru. Kabla ya kazi kuanza, mapatano yaandikwe na pande zote mbili ziweke sahihi.